Kulwa Yuko Ziwani

Ukitaka kumkasirisha Ngassa wa Somanda, pale Bariadi, mwite fundi redio. Redio alitengeneza, tena nyingi, maana tumbo halijui cheo, lakini mwenyewe alijihesabu mtu wa mawasiliano. Na kweli alikuwa mtu wa mawasiliano, hadi shirika alilolitumikia Dar es Salaam lilipoanza kutayarishwa kuuzwa. Ng'ombe wa kuuzwa hunenepeshwa, lakini shirika la kuuzwa hukondeshwa, na wa kwanza kukatwa ni wale wasio na mjomba ofisini. Ngassa akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri, akarudi Bariadi na sanduku la vifaa na mke aliyenyamaza njia nzima.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria. Pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na gari. Sangara wa Lamadi, ufukweni mwa ziwa, waligombewa na mawakala wa viwanda wenye malori ya barafu. Magari ya mitumba kutoka Japani yalimiminika kama kumbikumbi baada ya mvua, na ndani ya magari hayo ndimo Ngassa alimoona riziki yake. Baadhi yalikuja na kioo kidogo mbele ya dereva, cha kumwonyesha njia kwa msaada wa setilaiti. Kikiwashwa Mwanza, kilionyesha mitaa ya Japani na kulalamika kwa Kijapani. Wenye magari walikichoka, wakaking'oa, wakafunga redio kaseti. Novatus, rafiki yake aliyefunga redio hizo Mwanza, alikuwa na lundo la vioo hivyo uani kwake.

"Nipe hivi," Ngassa alimwambia.

"Beba. Ila ukikuta kuku ameatamia, mwache amalize."

Ramani ndiyo iliyokuwa ya Kijapani. Kile kipande cha nyuma kinachozisikiliza setilaiti hakikuwa na kabila. Kinasikiliza tu, kinapima mawimbi yamechelewa kiasi gani kufika, kisha kinapiga hesabu kiko wapi duniani. Tena Wamarekani, wenye setilaiti zao, mwaka uliotangulia walikuwa wameondoa ule ukungu waliokuwa wakiutia makusudi kwenye mawimbi ya raia. Zamani raia alikosea kwa urefu wa kiwanja cha mpira. Sasa alikosea kwa hatua chache. Ngassa alipolisikia hilo redioni aliacha kula, akatoka nje kutazama mbingu, ambako hakukuwa na cha kuona.

Vifaa vya dukani vya kazi hiyo ya kumjulisha mtu alipo vilikuwepo. Watafiti wa madini walivitundika shingoni, na bei yake ilikuwa ya ng'ombe kadhaa. Ngassa alitaka cha kuwauzia wavuvi, kwa bei ya mbuzi.

"Mtu wa kawaida akibanwa anauza mbuzi," alimweleza mkewe, Jenipha. "Ng'ombe haguswi mpaka kuwe na msiba au mahari."

"Na sisi tusio na mbuzi?"

"Sisi ndio tutakaoletewa."

Kila kitu akakipima kwa mbuzi huyo. Kioo cha kuandika namba kilikuwa ghali, akakiacha. Namba zenyewe wavuvi wengi wasingekuwa na haja nazo. Vikabaki vitaa vinane vyekundu vilivyopangwa duara, na vitufe viwili: kimoja cha nyumbani, kingine cha nyavu. Ukiwa ufukweni unashikilia kitufe cha nyumbani, kifaa kinapakumbuka. Ukishatega nyavu unashikilia cha pili, napo kinapakumbuka. Baada ya hapo, popote ulipo ziwani, ukibonyeza, kitaa kimoja kinawaka upande unaotakiwa kwenda. Sharti lake chombo kiwe kinatembea, kwa sababu kifaa cha kusikiliza hakijui kinatazama wapi mpaka kisogezwe.

Alilehemu kwa chuma alichokipasha kwenye jiko la mkaa, Jenipha akigomba kwamba mboga zinanuka risasi. Vya kwanza kukamilika vilikuwa viwili, kila kimoja ndani ya kisanduku cha sabuni kilichozibwa kwa gundi maji yasiingie. Vilifanana hata yeye mwenyewe akavichanganya. Basi akacheka, akavipa majina ambayo Msukuma huwapa mapacha wake: Kulwa na Doto. Akavitambulisha hivyo kwa kila aliyefika kibandani, na watu wakafurahi naye. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, lakini nani aliyewahi kuacha mzaha kwa kuogopa usaha?

Kulwa alikwenda Lamadi, kwa Magese. Huyo Magese alikuwa mvuvi wa sangara, mume wa Monika, na Monika alikuwa dada yake Ngassa wa pekee, mdogo wake wa kufuatana, ambaye Ngassa alimbeba mgongoni akichunga ndama. Doto alibaki Somanda kwa majaribio.

"Shemeji," Magese aliuliza siku alipokabidhiwa, "hiki kidude kitajua nyavu zangu zilipo?"

"Ukikionyesha."

"Na nani mwingine atajua?"

"Hakuna."

"Hata Doto?"

"Doto hajui kitu. Kila kimoja kinajijua chenyewe."

Magese akamtazama, kisha akamkonyeza. "Sawa kabisa, shemeji. Doto hajui kitu. Wewe ni mtu wa nyumbani, hata akijua hakuna neno."

Ngassa akacheka. Alidhani shemeji yake anatania. Kumbe mwenzake alikuwa amesikia jibu la mtu anayejua kutunza siri, akampenda zaidi kwa hilo.

Inabidi hapa niseme habari ya mkono. Ziwa lile lilikuwa limejaa wezi wa nyavu, kwa hiyo hakuna mvuvi wa mwalo ule, yaani ufukwe wa kushushia samaki, aliyetaja anakotega. Lakini ziwa linaua, na mtu asiyejulikana alikokwenda hatafutiki. Wazee wao walishapatanisha mambo hayo mawili. Kila nahodha, kabla ya kusukuma mtumbwi, alisimama mbele ya yeyote aliyebaki ufukweni, akanyoosha mkono upande anaokwenda, bila kusema neno. Waliita kuacha mkono. Mwizi hakupata cha maana kutokana na mkono, maana ziwa ni kubwa, lakini watafutaji walipata pa kuanzia. Zaidi ya hapo walikwenda mitumbwi miwili mitatu kwa pamoja, wakionana taa.

Magese alipompata Kulwa aliacha kwenda na wenzake. Ya nini? Alifika mbali ambako sangara walikuwa hawajaguswa, akatega, akarudi karibu amelala, kitaa kikimwelekeza. Alileta samaki ambao wakala wa kiwanda aliwapiga picha. Na mkono akaacha kuuacha.

"Mume wa dada yako siku hizi anaondoka kama mwizi," mama Anyesi alimwambia Ngassa alipokwenda kuwatembelea. Mama Anyesi alikaanga samaki pale mwaloni, na mikono mingi iliachwa mbele yake. "Haachi mkono. Mwambie wewe, labda atakusikia."

Ngassa alimwambia. Magese akapiga kofi tumboni kwake, mahali Kulwa aliponing'inia kwa kamba ya shingoni. "Mkono wangu nimeuacha Somanda!" Watu waliokuwepo wakacheka, na Ngassa naye akacheka. Kitu kilimgusa moyoni, hilo nitamtetea, kilimgusa. Lakini siku hiyo wavuvi walikuwa wamempanga foleni, kila mmoja akitaka cha kwake, na kichwa chake kilikuwa kimejaa mbuzi wanaolia.

Habari ilikuja na dereva wa lori la pamba, asubuhi, Ngassa akiwa ameinamia kifaa cha tatu. Magese na mwenzake Joakim, kijana wa Nyashimo, walikuwa wametoka juzi jioni na hawajarudi. Jana mwalo mzima ulizunguka maji ya karibu, haukuona kitu. Simu za mkononi zilikuwa Mwanza huko; Lamadi walizijua kwa jina. "Wamesema uende upesi," dereva alisema. "Tena wamesisitiza, uende na Doto."

Jenipha alimtazama mumewe akimfunga Doto kwenye kitambaa. "Utamfanyia nini huko?"

"Sijui. Wamesema niende naye."

Njia nzima alijiambia kwamba atawaeleza. Yeye ni mtu wa mawasiliano. Kueleza ndiyo kazi yake.

Alipofika mwaloni watu walifungua njia. Hakuna aliyemsalimia kwa "mwangaluka" wala kumuuliza safari. Walitazama kile kitambaa mkononi mwake, na nyuso zao zikalegea, kama watu wa nyumbani waonapo daktari ameingia. Monika alitoka katikati ya wanawake. Macho yalikuwa yamevimba lakini hakulia.

"Kaka, nimewaambia wasianze kulia mpaka wewe ufike. Washa."

"Monika, nisikilize kwanza."

"Washa, kisha nitakusikiliza."

Mashimba, mwenyekiti wa mwalo, mtu mzima mwenye sauti nzito, akamsogeza pembeni kidogo, japo sio mbali kiasi cha watu kutosikia. "Fundi, mambo ni haya. Wakala ametupa petroli. Inatosha mitumbwi miwili iende mbali upande mmoja na kurudi. Ingine itapatikana kesho, Mungu akipenda. Vijana wako tayari. Tunakungoja wewe utuambie upande."

"Mzee Mashimba, hiki hakijui Magese yuko wapi."

"Umekiwasha?"

"Hata nikiwasha. Kinajua kilipo chenyewe tu. Hakisemi na kile kingine. Ni kama redio. Redio yako inamsikia mtangazaji wa Dar es Salaam, lakini mtangazaji hakusikii wewe."

"Mimi ananisikia," akasema mzee mmoja aliyeketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa. "Nilituma salamu, akanitaja jina na kijiji."

"Ulituma kwa kadi, mzee wangu!"

"Kwani Magese hakutuma? Alikuwa anakibonyeza kila siku, sisi tukimwona."

Ngassa akajaribu upande mwingine. Alieleza mawimbi, alieleza setilaiti, akachora kwa kijiti mchangani. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumwamini, maana nani awezaye kujua mambo makubwa hivyo ya mbinguni akashindwa kumjua mtu mmoja juu ya maji? Mama Anyesi ndiye aliyechoka kwanza.

"Baba, uliwaita Kulwa na Doto, au hukuwaita?"

"Niliwaita, mayu, lakini ni jina tu."

"Mimi nimezaa Kulwa na Doto. Kulwa aliungua mguu akiwa Nyashimo kwa bibi yake, Doto akaamka hapa analia anashika mguu. Usinifundishe mapacha. Kama unaogopa kutuambia amekufa, tuambie. Sisi ni watu wa ziwa."

Monika akageuka akamtazama kaka yake. Hapo ndipo Ngassa alipoona kwamba ukweli haukuwa na mlango. Akisema hajui, kwao ni kusema Magese amekufa. Akinyamaza, ni vilevile. Alishikwa na hasira, si juu yao, bali juu ya kile kisanduku cha sabuni alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ambacho sasa wote walikijua kuliko yeye.

Akaondoka, akatembea kandokando ya maji, apate pumzi. Akamwasha Doto kwa sababu mikono yake haikuwa na kingine cha kufanya, akabonyeza. Doto alijua njia moja tu duniani, ya kurudi Somanda. Baada ya hatua kadhaa kitaa kikawaka, kikionyesha nyuma ya bega lake la kushoto, nchi kavu, Bariadi, kibandani kwake.

"Kimewaka!" mtu akapiga kelele.

"Amemwona!"

Wakaja mbio. Vijana walikuwa wameshaanza kusukuma mitumbwi majini, wengine wakibeba madumu. Monika alikuwa mbele ya wote, ameshika khanga yake kwa meno, na uso wake ulikuwa umefunguka kabisa, uso uleule wa mtoto wa mgongoni. "Yuko hai? Kaka, yuko hai? Wapi?"

Mtu atasema, angewaambia kwamba ni taa ya Somanda. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa umekaa kitini. Ngassa alifikiri upesi, na alifikiri kwa akili. Bila upande mitumbwi haitatoka. Ikitoka upande wowote, pana nafasi, isipotoka, hapana. Siku zile upepo ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini, na chombo kilichozimika mashine husukumwa na upepo. Basi kitakuwa kimesukumwa kusini, upande wa Magu. Ilikuwa hesabu nzuri. Mwanafunzi angepewa alama zote. Lakini hakusema ni hesabu.

Akanyoosha mkono.

Mitumbwi ikaondoka, vijana wakipiga vifijo kama wanakwenda arusini. Mashimba akampiga Ngassa begani. Mama Anyesi akashukuru, "Wabeja, baba," mara mbili, akarudi kwenye kikaango chake. Na Monika, ambaye tangu jana alikuwa hajatia kitu mdomoni, akaketi mchangani kando ya kaka yake, akaletewa ugali na samaki, akala. Alikula kama mtu aliyetoka kulima, akilamba vidole, akimweleza Ngassa jinsi atakavyomfokea Magese akirudi. Alimpa kaka yake mnofu wa shavu la samaki, ule mtamu. Ngassa akautafuna akitazama kusini.

Mitumbwi ilirudi jua likizama, mitupu. "Hatukufika mwisho," vijana walisema. "Petroli ilituangusha. Alama zote zilikuwa sawa." Alama gani, Ngassa hakuuliza. Walikuwa wameziona wenyewe: ndege waliozunguka, gogo lililoelea, maji yaliyobadilika rangi. Mtu aliyeonyeshwa upande hakosi kuona alama. Muda mfupi baadaye mawingu yakafunga, na dhoruba ikashuka juu ya ziwa yenye upepo wa kung'oa mabati.

Asubuhi yake ikaja mashua ya wachuuzi wa dagaa kutoka Kisorya, ng'ambo ya kaskazini. Ndani yake alilala Joakim, amefunikwa gunia, mkono mmoja bado umekunjika kwa kushikilia dumu tupu la mafuta lililomwelesha. Walimwokota alfajiri. Alikuwa peke yake.

Walimpa uji wa moto, na alipoweza kusema, alisema huku anamtazama Ngassa.

Mashine ilikufa usiku ule wa kwanza walipokwenda kutega, kaskazini, mbali. Kulipopambazuka waliiona nchi kavu ya Kisorya kwa macho. Makasia walikuwa nayo. Joakim alitaka wapige kasia. "Magese akakataa. Akasema, tulia, tusisogee. Ngassa anatuona. Tukihama hama tutampoteza, watakuja pale tulipokuwa watukose. Akatupa nanga. Siku nzima ya kwanza tulikaa. Siku ya pili tukakaa. Kila nikishika kasia ananinyang'anya. Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anaimba. Anabonyeza kile kidude, anasema, nampigia hodi shemeji. Tulikuwa salama, jamani. Mpaka jana jua linazama tulikuwa salama kabisa. Ndipo ikaja ile dhoruba."

Mtumbwi ulipinduka. Magese alikuwa karibu naye kwa muda, kisha hakuwa karibu naye. Kulwa alikuwa amefungwa shingoni kwake.

Wanawake wakaanza kulia sasa, kilio kile kirefu ambacho Monika alikuwa amekizuia. Ngassa alisimama katikati yao na masikio yake yakiwa yamejaa neno moja la Joakim. Jana. Wakati mitumbwi miwili yenye petroli ilipotoka ikaelekea kusini, Magese alikuwa kaskazini, ametia nanga, anaimba.

Alimfuata Mashimba nyuma ya vichanja vya samaki.

"Mzee, nataka niseme mbele ya watu. Doto hakuonyesha kitu. Mimi ndiye niliyenyoosha mkono. Nilikisia. Nimewapeleka vijana kusini na mtu yuko kaskazini."

Mashimba hakushtuka. Aliokota kijiti, akakivunja vipande vipande. Huenda alikuwa amejua tangu jana, huenda alikuwa anajua sasa hivi. Uso wa mtu mzima wa ziwani hausomeki.

"Watu wameshasema," akajibu hatimaye. "Wanasema Kulwa alikuwa kusini, upepo ukamhamisha. Wanasema kifaa ni kizuri, ziwa ndilo baya. Hakuna anayekulaumu."

"Lakini siyo kweli! Joakim amesema walitia nanga."

"Joakim ameumwa na baridi, hajui anasema nini. Hayo nayo wameshayasema." Akatupa vile vipande. "Fundi, ukisimama pale na kusema hayo unayoniambia, dada yako atakuwa amefiwa na mume na kaka kwa siku moja. Wewe utapumua. Yeye je?"

Njia ya mwongo ni fupi, hivyo husemwa, na Ngassa aliingoja ifike mwisho. Haikufika. Aliona hata hatia yake wamemnyang'anya. Alitaka kupigwa, wakamletea kigoda akae. Mchana kutwa watu walimjia kumpa pole. Mmoja wao, mvuvi asiyemfahamu, alimshika mkono kwa mikono miwili, akamnong'oneza kwamba msiba ukiisha angependa kupata pacha wake mwenyewe, na kwamba mbuzi yupo.

Kesho yake vijana walizama na kuvuta nyavu upande wa Kisorya hata wakachoka. Hawakumpata Magese. Ndugu zake walifika kutoka Meatu, wakakaa faraghani, wakasema wasingeweza kuanza matanga bila mwili, wangengoja ziwa limrudishe lenyewe, na ziwa hurudisha linapotaka. Ngassa aliketi na wanaume kando ya moto, akakusudia kurudi Somanda kwa usafiri wa kwanza utakaopatikana, akavivunje vifaa vyote kwa nyundo. Hata hilo hakuwa na uhakika lingesaidia nini.

Ndipo Monika alipokuja. Wanawake walijaribu kumrudisha, akawapita. Alikuwa amenyoa nywele, na kichwa chake kidogo kilimfanya aonekane msichana. Mkononi alikuwa na kitambaa cha kaka yake. Alikuwa amemtoa Doto mwenyewe kwenye mkoba.

"Washa," akasema.

"Monika."

"Sitaki arudi tena, kaka. Hilo nimelikubali. Nataka kumzika tu. Uniambie alipo, vijana wakamchukue, nimweke nyumbani. Sitakuomba kitu kingine."

Mashimba alikuwa anatazama chini. Ngassa alitafuta neno, akalikuta lile la kwanza kabisa, lile la kweli, aliloanza nalo siku aliposhuka pale mwaloni.

"Hakijui, mdogo wangu. Doto hajui."

Monika hakukasirika. Alimtazama kwa upole, jinsi unavyomtazama mtoto anayeogopa kusema kitu kilichoko wazi.

"Juzi alijua," akasema.

Akamwekea Doto kwenye kiganja cha kushoto, akamfumbatisha vidole. Kisha akaushika mkono wa kulia wa kaka yake, akaunyanyua yeye mwenyewe, akaunyoosha kuelekea ziwani, akasubiri uchague upande.